Herufi Zinazofichua Maana ya Maneno Marefu ya Kiingereza

Mabibi na mabwana, mwanafunzi wa Kiingereza akikutana na neno lenye herufi 15 hulihesabu kwanza, kisha hulikimbia. Ombi langu leo ni kwamba tuzitazame herufi zenyewe, kwa kuwa zipo ambazo huonyesha neno lilikotoka, na asili ya neno ikishajulikana, maana yake haiwi mbali.

Chukueni "ph". Warumi waliitumia kuandikia herufi ya Kigiriki iitwayo fi, na Kiingereza kikairithi hivyo. Ndivyo ilivyo kwa "rh", kwa "ch" inayotamkwa kama k, na mara nyingi kwa "y" iliyo katikati ya neno. Kwa hiyo "rhinoceros", yaani kifaru, ni pua na pembe. Na "chrysanthemum" ni ua la dhahabu. Neno "dermatoglyphics" lina "y" na "ph" zikifuatana: nusu ya kwanza ni ngozi, ya pili hutokana na kitenzi cha kuchonga, nalo ni jina la elimu ya michirizi iliyo kwenye ngozi ya vidole, viganja na nyayo. Lina herufi 15 na hakuna hata moja inayojirudia, jambo linalonifurahisha kila ninapoliandika. Vilevile "ophthalmologist", daktari wa macho, ambalo wengi hulikosea kwa kuiacha "h" ya kwanza. Anayejua kwamba "ph" hapo ni fi ya Kigiriki haisahau tena.

Herufi "q" inataka uangalifu. Kabla ya Wanormani, watu kutoka kaskazini mwa Ufaransa, kuiteka Uingereza mwaka 1066, neno la malkia liliandikwa "cwen". Waandishi waliozoea tahajia ya Kifaransa ndio walioligeuza baadaye likawa "queen". Ni neno la kale la Kiingereza lililovishwa vazi la kigeni. Katika maneno marefu, hata hivyo, "qu" kwa kawaida hutupeleka kwenye Kilatini, kama "quinquagenarian", mtu aliye katika miaka ya hamsini.

Neno ninalolipenda kuliko yote ni "floccinaucinihilipilification", lenye herufi 29, "i" tisa, na halina "e" hata moja, ingawa "e" ndiyo herufi inayotumika zaidi katika Kiingereza. Lilibuniwa katika karne ya 18 kwa kuunganisha maneno manne ya Kilatini, yote yakitaja kitu kisicho na thamani, na maana yake ni tendo la kukiona kitu kuwa si chochote. Sisi tunaosema "watakaotuelimisha" kwa neno moja hatuna sababu ya kuliogopa: tulikate vipande, kama tunavyotenga viambishi vyetu.

Najua mnasubiri lile la herufi 45, "pneumonoultramicroscopicsilicovolcanoconiosis". Lilitungwa mwaka 1935 na Everett Smith, rais wa chama cha wapenda mafumbo wa Marekani, ili liwe refu kuliko mengine, nami siliweki daraja moja na hayo niliyoyataja. Hata hivyo vipande vyake ni vya kweli: mwanzoni kuna pafu, na karibu na mwisho kuna "coni", vumbi kwa Kigiriki, vipande vilevile vinavyounda "pneumoconiosis", ugonjwa wa mapafu unaowapata wachimba migodi wanaovuta vumbi kwa miaka mingi.