Pasi ya Kwenda Kliniki

BARASA: Karibu tena. Hizo kelele mnazosikia ni mvua ya Nakuru juu ya mabati, msimlaumu fundi wetu wa sauti. Niko na Sista Nyokabi, muuguzi wa uzazi wa mpango, kama kawaida.

SISTA NYOKABI: Na chai imeshapoa kwa sababu ulichelewa.

BARASA: Nisamehe, Sista, magari yalikuwa yamefungana huko Lanet. Na huko Lanet ndiko nilikolelewa, mtoto wa kambi, mzee wangu akiwa mwanajeshi. Sasa kuna dada ametuandikia. Ni mwanajeshi, ameomba tusimtaje yeye wala kambi yake. Mwezi wa 2 alidungwa sindano ya miezi 3 ya kuzuia mimba. Juzi ameambiwa ajiandae kwenda misheni, tena kwa muda mrefu. Anauliza afanyeje, na anauliza kama lazima mkubwa wake ajue.

SISTA NYOKABI: La sindano nitamjibu. La mkubwa wake ndilo zito.

BARASA: Ndiyo maana nilitaka tupitie Marekani kwanza. Wale waligombana juu ya jambo hilohilo hadharani, mpaka bungeni. Juni 24, 2022, Mahakama ya Juu yao ilifuta uamuzi wa Roe wa mwaka 1973, uliolinda haki ya kutoa mimba nchi nzima, kila jimbo likaachiwa litunge sheria yake kuhusu kutoa mimba. Raia wa Texas akiona sheria ya kwao imembana, akiwa na nauli atavuka mpaka, au ahame kabisa. Mwanajeshi je?

SISTA NYOKABI: Mwanajeshi hahami, huhamishwa.

BARASA: Basi hapo ndipo penyewe. Watafiti wa shirika la RAND walikadiria mwaka huohuo kwamba wanajeshi wanawake 40 katika kila 100 walio kazini katika bara la Marekani wangejikuta kwenye majimbo ambako huduma hiyo haipo kabisa au imebanwa sana. Hawakuchagua kuishi huko. Waliletewa barua ya uhamisho.

SISTA NYOKABI: Na hospitali ya jeshi haiwezi kuwasaidia?

BARASA: Sheria ya nchi inaifunga mikono. Hawawezi kutoa mimba ila maisha ya mama yakiwa hatarini, au akiwa alibakwa, au mimba ni ya maharimu. Waziri wa Ulinzi wa wakati huo, Lloyd Austin, akatoa agizo Oktoba 2022, na kanuni zikatoka Februari 2023: mwanajeshi apewe ruhusa ya hadi siku 21 bila kukatwa siku zake za likizo, alipiwe usafiri, lakini matibabu yenyewe ajilipie. Na haikuwa mimba tu. Hata waliokuwa wakitafuta mtoto kwa kupandikiziwa waliingia humo.

SISTA NYOKABI: Ulinitumia hizo kanuni nikazisoma. Kipande kilichonikalisha chini ni cha wiki 20.

BARASA: Kwamba mwanajeshi anaweza kukaa hadi wiki 20 kabla ya kumwarifu kamanda wake kuwa ana mimba.

SISTA NYOKABI: Isipokuwa kazi yake iwe ya hatari kwa ujauzito. Unajua, Barasa, mimi nimekaa kwenye chumba cha uzazi wa mpango miaka mingi. Watu hudhani shida ni dawa. Dawa mara nyingi zipo. Shida ni njia ya kuzifikia. Mwalimu akitaka kijiti, kile cha kuzuia mimba kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono, anapita kliniki akitoka sokoni, amemaliza. Askari akitoka kambini ni lazima aombe pasi, na pasi ina mstari wa kuandika sababu. Anayeisoma ni sajini, halafu karani, na jioni iko kantini.

BARASA: Naijua hiyo. Kambini hata sisi watoto tulijua nani ana mimba kabla ya mumewe.

SISTA NYOKABI: Wewe ulikuwa mbea tangu zamani.

BARASA: Kesi imekubalika. Sasa sikia mwisho wake. Seneta mmoja wa Alabama, Tommy Tuberville, alikasirikia ule mpango akazuia kupandishwa vyeo kwa maafisa zaidi ya 400. Miezi kama 10! Majenerali wakakaa wakisubiri, familia hazijui zihamie wapi. Alilegeza kamba Desemba 2023. Baadaye Pentagon, yaani wizara yao ya ulinzi, ikatoa hesabu: kati ya Juni na Desemba mwaka huo, mpango ulitumika mara 12. Gharama, kama dola 45,000.

SISTA NYOKABI: Mara 12 tu?

BARASA: 12. Na Januari 2025, utawala mpya ulipoingia, malipo ya safari yakafutwa.

SISTA NYOKABI: Hiyo 12 wengine wataisema ni ushahidi kwamba hakukuwa na haja. Mimi naisoma tofauti. Fomu ikiwa na maswali mengi, watu hutumia pesa yao na kunyamaza.

BARASA: Au waliohitaji walikuwa wachache kweli, Sista.

SISTA NYOKABI: Inawezekana. Lakini mimi ningeuliza ni wangapi waliichukua fomu wakairudisha tupu.

BARASA: Kuna hadithi nyingine huko ambayo naipenda kwa sababu imekaa kinyume. Mwaka 1970, Susan Struck, nesi, kapteni wa jeshi la anga, yuko Vietnam, akapata mimba. Wakati huo kanuni ilisema mwenye mimba afukuzwe. Akapewa njia mbili: aitoe, na hospitali ya jeshi ingemfanyia, au aache kazi. Yeye ni Mkatoliki, hakutaka kuitoa. Akasema atazaa, mtoto atamtoa alelewe na wengine, kazi aendelee nayo.

SISTA NYOKABI: Na wakakataa.

BARASA: Wakakataa. Akaenda mahakamani, wakili wake Ruth Bader Ginsburg, kabla hajawa jaji. Mwaka 1972 kesi ilipokubaliwa kusikizwa na Mahakama ya Juu, jeshi likamsamehe haraka na kesi ikafia hapo.

SISTA NYOKABI: Umeona? Huyo alilazimishwa atoe, hawa wa 2022 walilazimishwa wabebe. Mwenye tumbo hakuulizwa mara zote mbili.

BARASA: Haya, turudi nyumbani. Huku kwetu ukisoma tangazo la kuandikisha makurutu, wanawake wanaambiwa wasiwe wajawazito wakati wa kuandikishwa wala wakati wa mafunzo.

SISTA NYOKABI: Hilo mimi silipingi. Kukimbia na bunduki huko Eldoret ukiwa na mimba changa si mchezo. Nauliza ya baada ya kufuzu.

BARASA: Baada ya kufuzu, angalia sheria. Mimi na wewe tuna Sheria ya Ajira ya 2007: mama ana likizo ya miezi 3 yenye mshahara. Fungua kifungu cha 3 cha sheria hiyohiyo, kinasema haihusu jeshi, polisi, magereza wala NYS, ile Huduma ya Vijana kwa Taifa. Likizo ya mwanajeshi iko kwenye kanuni za jeshi lenyewe. Halafu Katiba. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya afya, na afya ya uzazi imetajwa kwa jina. Cha 31 kinalinda faragha. Sasa nenda kifungu cha 24, kipengele cha 5: bunge linaweza kutunga sheria ya kupunguza haki kadhaa kwa walio jeshini na kwenye polisi. Unadhani ni zipi?

SISTA NYOKABI: Usiniambie.

BARASA: Faragha imo. Kifungu cha 43 kimo.

SISTA NYOKABI: (anacheka) Wangeacha hata moja!

BARASA: Kusema kweli, kuruhusiwa kupunguza si sawa na kupunguza. Na mambo yamesogea. Kikosi cha wanawake peke yao kilivunjwa mwaka 1999, wakaingizwa jeshini pamoja na wanaume. Fatuma Ahmed aliyejiunga 1983 aliteuliwa kuongoza Jeshi la Anga mwaka 2024.

SISTA NYOKABI: Hongera zake, kwa moyo wote. Lakini koplo wa miaka 24 hana wa kumsalimia kwa mkono kofiani.

BARASA: Na wake wa wanajeshi? Mama yangu…

SISTA NYOKABI: Ai, hao ndio walinijaza kliniki! Tangu wanaume waanze kwenda Somalia mwaka 2011. Mume yuko Dhobley, mke anakuja kwangu jioni na leso kichwani: "Sista, nipe kitu kisichoonekana." Kijiti kinapapasika mkononi. Mama mkwe akikishika atauliza, mume hayupo, hiki ni cha nini? Kumbe mume huja kwa siku 10 bila taarifa, na miezi 9 baadaye ni yeye anayebaki na mtoto peke yake. Wengi walitaka sindano, kwa kuwa haiachi alama.

BARASA: Haya, dada yetu anasubiri.

SISTA NYOKABI: Mwanangu, kama ulidungwa mwezi wa 2, unarudi mwezi wa 5. Unaweza kudungwa wiki 2 mapema, hata ukichelewa mpaka wiki 4 bado unaruhusiwa, lakini usiifanye mazoea. Kwa safari ndefu mimi ningefikiria kijiti cha miaka 3 au 5, au koili ya shaba, ile inayowekwa ndani ya mji wa mimba, inayofika miaka 10 na zaidi. Usisubiri sindano iishe. Kiweke sasa, maana kijiti huvuruga hedhi miezi ya mwanzo, na heri ikuvuruge ukiwa Nakuru kuliko ukiwa kwenye handaki. Ukipenda sindano, uliza ile ndogo ya kujidunga mwenyewe chini ya ngozi. Shirika la Afya Duniani, WHO, waliipendekeza mwaka 2019 na haihitaji friji. Na kama unapanga mtoto ukirudi, jua sindano hukawia kutoka mwilini, miezi kadhaa. Kondomu beba hata hivyo, hayo mengine hayazuii virusi vya UKIMWI.

BARASA: Na mkubwa wake?

SISTA NYOKABI: Ukiwa likizoni huhitaji pasi. Nenda kliniki ya kaunti kama mama mwingine yeyote, asubuhi na mapema, Jumatatu ukiiepuka. Usivae sare. Ukiulizwa kazi, sema unafanya kazi serikalini.

BARASA: Si uongo.

SISTA NYOKABI: Si uongo hata kidogo. Sasa nitengenezee chai nyingine, hii nimeishindwa.