Usikimbilie fyuzi: pawa saplai ya TV ya chogo (mazungumzo na mafundi vijana, Moshi)

Shikamooni wazee, vijana mambo vipi. Mezani pale kuna TV za chogo zinatusubiri kwahiyo naingia moja kwa moja. Leo naongelea pawa saplai tu, sio picha, sio sauti, kwa sababu TV nyingi za rangi za zamani mnazoletewa pale Mbuyuni na Majengo na Kiboriloni zikiwa zimezima kabisa, tatizo liko kwenye pawa, na ni hapo hapo tunapoziharibu zaidi wenyewe kwa haraka zetu. Na kitu ninachokiamini kabisa, mtanisamehe nikikirudia, ni kwamba spea iliyoungua mara nyingi sio yenye kosa, imeuliwa na nyingine. Ukibadilisha iliyokufa ukaiacha iliyoua, unaiwekea tu ya kuua tena.

Tuelewane kwanza ni TV gani. Ni ile ya kioo kinene, ya rangi, ya miaka ya 1980 na 1990. Zanzibar walikua na televisheni ya rangi tangu 1973, huku bara vituo vyetu vimekuja 1994, kwahiyo wapo wazee walionunua TV wakati hamna hata kituo cha hapa cha kushika, ilikua ya deki. Alafu 2013 mitambo ya analojia ikazimwa hapa Moshi na Arusha, watu wakachomeka king'amuzi na maisha yakaendelea. Zile mashine bado ziko sebuleni, na mzee akikuletea ya kwake anataka iwake, hajaja kuambiwa akanunue flati.

Umeme wa ukutani ni volti 230 za AC. Unapita kwenye fyuzi, unapita kwenye koili ya kuchuja, unafika kwenye dayodi nne za rektifaya zinazogeuza AC kuwa DC, unajaza ile kapasita kubwa ya volti 400. Ukipima pale kwenye kapasita hukuti 230, unakuta kama 325 za DC, kwa sababu kapasita inajaa mpaka kilele cha wimbi, yaani 230 mara 1.41. Kuanzia hapo kuna transista au IC inaukata ule umeme maelfu ya mara kwa sekunde kupitia trafo ya chopa, na upande wa pili unapata B+, yaani volti kuu ya kulisha horizonto (sehemu inayochora picha kwa upana), pamoja na volti ndogo ndogo za sauti, vetiko (ya kuchora juu chini) na maikro, ile IC inayoongoza TV.

Hizo 325 naomba sana tuziheshimu. Watu wanadhani TV iliyounguza fyuzi ndio hatari, kumbe hatari zaidi ni ile iliyozima kabisa na fyuzi yake ni nzima, maana mara nyingi rezista ya kuwashia imekatika, hamna kinachokula chaji, na kapasita inabaki imejaa muda mrefu hata plagi umechomoa zamani, we unaweka mkono unajiamini. Usipige shoti kwa bisibisi, unachoma bodi na unaweza kuharibu kapasita yenyewe. Chukua rezista ya waya ya kilo-omu 2.2, wati 10, iungie waya mbili zenye ngozi nzuri, gusisha miguu ya kapasita uhesabu mpaka tano, alafu PIMA kwa mita uone imeshuka. Na ile kofia ya raba kwenye kioo inabeba volti elfu 20 mpaka 25 na inabaki na chaji hata imezimwa, leo haituhusu, usiisogelee.

Fyuzi sasa. Iangalie kabla hujaitupa. Kioo kikiwa cheusi au kimepakaa kama fedha ndani, kuna shoti kubwa mbele yake, hata uweke fyuzi kumi zitakwenda zote. Kama waya umekatika tu katikati na kioo ni cheupe, inawezekana imechoka au umeme ulikatika ukarudi kwa nguvu. Nyingi ni ampia 3.15 au 4 za aina inayochelewa, herufi T imeandikwa kwenye kofia, na inachelewa kwa makusudi kwa sababu TV ikiwashwa inavuta umeme mwingi kwa nukta chache. Wale wa kuweka karatasi ya sigara au uzi wa kopa, hapana jamani, mnapeleka moto nyumbani kwa watu.

Kabla hujarudisha fyuzi, tengeneza balbu yako. Hiki ndio kifaa ninachokithamini kuliko vyote kwenye meza ya fundi na hakina gharama. Balbu ya waya, ile inayotoa joto, wati 60 au 100, sio LED sio enaji seva, unaiunga kwenye waya wa moto kabla haujaingia kwenye TV ili umeme wote upite kwenye balbu kwanza. Chomoa soketi ya koili ya degausi ile inayozunguka kioo, usipoichomoa balbu itawaka hata kama TV haina shida maana ile PTC yake, rezista inayobadilika na joto, ikiwa baridi inapitisha umeme mwingi. Alafu washa. Balbu ikimulika mara moja ikafifia, kapasita imejaa na mlango wa pawa ni mzima. Ikiwaka kwa nguvu na ikabaki hivyo, kuna shoti, zima, toa chaji, pima dayodi nne, pima kapasita, pima transista ya chopa au STR, yaani ile IC ya pawa. Isipowaka hata kidogo kuna mahali pamekatika, fyuzi, swichi, au ile rezista nyeupe ya simenti. Na ikiwa inapumua, inawaka inafifia inawaka, usikate tamaa haraka, mashine nyingine balbu inazinyima umeme wa kutosha, weka ya wati 100 uangalie tena, ikiendelea basi kaangalie shoti upande wa pili, transista ya horizonto mara nyingi.

Mnaona hapo hamna kilichoungua? Spea zako ziko salama na umeshajua uende wapi. Aliyeweka STR mpya akawasha moja kwa moja ukutani, kwa sekunde moja hela ya mteja imeondoka.

Kuna hizi TV za kujichagulia volti, zilizoandikwa nyuma 110 mpaka 240. Nyingine zina IC ya Sanken inaitwa STR81145, na kapasita kubwa mbili za volti 200 zimepangwa moja juu ya nyingine. Umeme ukiwa mdogo IC inafanya volti ziwe mara mbili, ukiwa wa kwetu wa 230 inatulia, na kila kapasita inabeba kama 162 hivi. Ile IC ikipiga shoti inazidisha mara mbili na umeme wetu, kila kapasita inapelekewa 325 wakati imeandikwa 200, inapasuka, mlio kama bunduki na karatasi zinajaa chumba kizima. Fundi anaona kapasita zimepasuka, anaweka mpya, zinapasuka tena usoni kwake. Kapasita hazikua na kosa lolote. Ukizikuta zote mbili zimepasuka, hiyo IC ndio ya kwanza kuitilia shaka.

Hadithi ni hiyo hiyo kwenye B+. Zile zenye STR50103 zinatakiwa kutoa volti 103, nyingine ni 115, nyingine 130, na mara nyingi imeandikwa kwenye bodi, soma. Kwenye laini hiyo mashine nyingi zina dayodi moja ya ulinzi, R2M, kazi yake volti zikipanda kupita kiasi ipige shoti yenyewe ili pawa izime na vingine vipone. Sasa mtu anaipima, anaikuta shoti, anafurahi, anaing'oa, TV inawaka, anachukua hela. Hii inaniuma kweli. Umeng'oa mlinzi na volti bado ziko juu, usiku huo huo horizonto inakufa na inaweza kwenda na flaibaki, ile trafo inayotoa volti kubwa za kioo, na flaibaki ya TV ya zamani sa hivi kuipata ni shughuli. Ukiikuta R2M shoti jua kuna kitu kilipandisha volti. Toa transista ya horizonto, weka balbu ya wati 60 kutoka B+ kwenda grandi ya laini hiyo iwe ndio mzigo, washa kupitia ile balbu nyingine, pima. Mpaka upate namba ya kwenye bodi, na itulie, usirudishe horizonto.

Dada pale mbele anauliza nini kinapandisha volti. Swali zuri sana hilo. Mara nyingi ni kapasita ndogo, mikrofaradi 47 au 100, iliyopo upande wa moto, yaani upande wa umeme wa ukutani kabla ya trafo ya chopa, karibu na hitisinki au rezista inayochemka. Miaka yote inapikwa, maji ya ndani yanakauka, haivimbi wala haina alama yoyote, IC inapewa taarifa ya uongo na inapandisha pawa. Mimi hizo ndogo sizipimi sana, nabadilisha zote za upande wa moto, ni hela ndogo, na naweka za nyuzi 105 sio za 85. Volti ziwe zile zile au zaidi, kamwe chini.

Ile kapasita kubwa ikichoka wala TV haizimi, utaona mistari miwili minene inapanda au kushuka taratibu kwenye picha, maana rektifaya ya dayodi nne inatoa mawimbi 100 kwa sekunde na picha inachorwa mara 50. Ukiona mstari mmoja, angalia dayodi, pengine moja imekatika.

Na mita jamani, waya mweusi. Ukipima upande wa moto uweke kwenye negativu ya kapasita kubwa, ukipima upande wa pili uweke kwenye bati la tyuna. Ukichanganya unasoma namba za ajabu, unasema STR imekufa kumbe nzima. Na zipo chasisi za zamani ambazo hazijatenganishwa kabisa, bodi nzima ina moto, hizo bila trafo ya kutenganisha usizifungue, na viatu vaa.

Mwisho safisha. Vumbi likinyeshewa na unyevu wa masika linapitisha umeme, na mjusi aliyekaukia kati ya miguu ya chopa wengi wenu mmeshamuona. Ukimaliza funga kifuniko uiache iwake masaa kadhaa na king'amuzi juu, joto likishapanda ndio upime B+ tena.

Haya, sogeeni mezani. Hii ya kwanza fyuzi yake ni nyeusi, mwenye balbu alete, dada wewe chomoa degausi.