Mtoto Asiyelia Ndiye Anayenitia Wasiwasi

Najua baadhi yenu mkiniona tu mnanong'onezana, "Haya, anakuja na nepi zake." Naam, nimekuja nazo, na neno langu ni lile lile: kila mtoto katika kituo cha kulelea watoto mchana awe na mlezi wake. Mtanivumilia.

Nilipoanza kazi hii nilimkuta mtoto wa miezi 11 ambaye alikuwa sifa ya kituo. Halii, hasumbui, ukimweka hapa utamkuta hapa. Walezi sita tulipokezana: huyu anamlisha, yule anamlaza, mwingine anambadilisha nepi huku akipiga soga na mwenzake. Nikaomba nepi zake niachiwe mimi. Kabla sijamgusa mguu namwambia, "Sasa nauinua." Nasubiri. Mwanzoni yeye na dari, dari na yeye. Wiki ya pili nikasema "nauinua", akauinua mwenyewe! Halafu akanitazama. Wiki ya tatu natoka kwenda chooni, akaangua kilio mpaka mkuu wetu akaja mbio: "Umemharibu mtoto."

Nimemharibu, jamani? Mtoto humlilia mtu wake. Miezi yote ile alinyamaza kwa kuwa hakuwa na wa kumlilia, nasi tukamsifu kwa utulivu!

Namwona mama pale nyuma amekunja uso: "Si atanisahau mimi?" Hatakusahau. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth aliwatembelea mama 26 katika vijiji karibu na Kampala mwaka 1954 na 1955, akaona watoto walioshikamana na mama zao na bado wakawa na wengine wa kuwakimbilia. Moyo wa mtoto si kiti cha basi, kwamba akikaa mmoja mwingine asimame.

Na msiniambie walezi ni wachache. Sikusema mlezi awe na mtoto mmoja. Awe nao watatu, wanne, ila kila mtoto amjue wake, na amjue wa pili wa kumshika siku wake akiugua. Hapo kinachobadilika ni ratiba ya zamu tu.

Nilitaka kuzungumzia kuagana, lakini naonyeshwa saa. Kwa kifupi: usimtoroke mtoto. Muage, hata akilia. Katika utaratibu wa Berlin, ule wa kumzoesha mtoto mpya kituo, mzazi hukaa kituoni na mwanawe siku tatu za kwanza, na kumwacha kidogo hujaribiwa siku ya nne. Ninyi mnampokea mlangoni saa moja asubuhi na kumsukuma mama nje!

Usingizi na chupa sitavigusa leo. Maswali. Mama wa nyuma aanze.