Komeo la Mlango wa Oveni: Pima Kabla ya Kulaumu Bodi

Ndugu mafundi, na ninyi wenye majiko mliokuja kusikiliza, habari za jioni.

Mada yetu ni komeo la mlango katika oveni zinazojisafisha kwa moto, aina ambayo General Electric ya Marekani ilianza kuiuza mwaka 1963. Huku kwetu majiko ya namna hii hufika kwenye makontena, pamoja na vyombo vya watu wanaorudi nyumbani. Komeo likileta matatizo, ama mlango umejifunga na haufunguki, ama hautaki kujifunga na usafishaji hauanzi, ama jiko linalia huku skrini ikionyesha kosa: F9 kwa majiko mengi ya GE, F90 na nambari zinazofuata kwa Frigidaire, F5 kwa Whirlpool. Fundi mwenye haraka husema bodi, yaani saketi ya kielektroniki inayoliongoza jiko, imekufa. Bodi ndiyo sehemu ya bei kubwa, na kwa kosa hili inapaswa kushukiwa mwisho kabisa.

Tuanze na jinsi komeo linavyofanya kazi. Wakati wa kujisafisha oveni hufika nyuzi 425 hadi 480 za Selsiasi, na mafuta yaliyoganda yanageuka majivu. Ukifungua mlango katika joto hilo, hewa mpya inakutana na moshi wa mafuta na moto unalipuka usoni mwako. Ndiyo sababu kuna ndoano juu ya mlango, ndani ya fremu. Ndoano inavutwa na fito ya chuma inayopita juu ya oveni hadi nyuma ya jiko, na kule nyuma kuna mota ndogo inayozunguka polepole. Kwenye mhimili wa mota kuna kisahani chenye nundu, na nundu ikipita hubonyeza swichi ndogo, moja au mbili. Kuna pia swichi nyingine kwenye fremu inayobonyezwa na mlango wenyewe.

Bodi haioni ndoano. Inachojua ni kile swichi zinachosema. Inapeleka umeme kwenye mota, inahesabu sekunde, inasubiri swichi ithibitishe. Muda ukipita bila jibu, inaandika kosa. Kwa hiyo tumia masikio kwanza. Mota ikizunguka bila kusimama, inafanya kazi yake, ila swichi haitoi taarifa. Ikinguruma huku ndoano imetulia, kuna kitu kimekwama au fito imechomoka. Ikiwa kimya kabisa, ama umeme haufiki ama mota imeungua. Ndoano ikitoka vizuri lakini ikakosa tundu lake, tazama bawaba: mlango umelegea. Bana karatasi kwenye kona ya juu kushoto, funga mlango, ivute. Fanya hivyo kulia pia. Upande ambao karatasi inatoka bila ukinzani ndio mlango ulikoachia.

Mlango ukiwa umejifunga, usitumie nguvu, kwa sababu kioo na ndoano vyote huharibika. Kwanza oveni ipoe. Komeo halitaachia mpaka joto lishuke kiasi, na hiyo huchukua saa nzima au zaidi. Umeme ukikatika katikati ya usafishaji mlango hubaki umefungwa, maana mota haiwezi kurudi bila umeme. Hilo si kosa. Umeme ukisharudi na oveni ikiwa imepoa, zima jiko kwenye swichi kuu kwa dakika 5, uwashe tena. Bodi nyingi huirudisha mota mahali pake zinapoanza upya. Ikishindikana, chagua usafishaji, acha mota isogee, kisha futa amri hiyo na usubiri. Ikikataa bado, zima kwenye swichi kuu, vuta jiko mbele, fungua bati la nyuma, toa skrubu zinazoshika mota, chomoa fito, kisha isukume ndoano kwa mkono.

Sasa tupime, umeme ukiwa umezimwa. Chomoa waya za mota, weka mita kwenye ohm, kipimo cha ukinzani wa umeme. Mota nyingi za volti 120 husoma kati ya ohm 500 na 3,000. Mita ikionyesha njia imekatika, mota imekwisha. Kisha swichi: ikibonyezwa na kuachiwa lazima ibadilike waziwazi, kutoka karibu ohm 0 hadi kukatika kabisa. Ibonyeze polepole mara kadhaa. Swichi inayosoma ohm 40 leo na 300 baadaye ni mbovu hata kama inatoa mlio mzuri wa kubonyea. Na hapa mafundi wengi huteleza wanaponunua ya kubadilisha. Kwenye bodi nyingi swichi hii hupitisha alama ya volti chache tu. Swichi ya kawaida ya ampea 15 ina ncha za fedha ambazo hufanya utando, na mkondo mdogo hivyo hauwezi kuuvunja. Tafuta yenye ncha zilizopakwa dhahabu, au agiza komeo zima kwa nambari ya modeli iliyo kwenye kibati cha fremu ya mlango au ya droo ya chini. Picha ya simu haitoshi, kwa sababu makomeo mawili yanayofanana kwa sura yaweza kutofautiana nundu.

Zikague na waya zenyewe. Vichwa vyake hulegea kwa joto. Kilichogeuka rangi ya zambarau au kahawia kimeungua, kibadilishe. Usiunge kwa waya wa nyumba: plastiki yake ni ya nyuzi 70 tu. Tumia waya wa silikoni au wa nyuzinyuzi za kioo unaohimili joto la nyuzi 200 au zaidi.

Sensa ya joto nayo huzuia mlango. Ya majiko ya Kimarekani husoma takriban ohm 1,080 hadi 1,100 oveni ikiwa baridi, na huongezeka karibu ohm 3.9 kwa kila nyuzi moja. Kiungio chenye kutu kikiongeza ohm 400, bodi inaamini oveni ina joto la nyuzi 100 zaidi ya ukweli, na inaendelea kuushikilia mlango.

Kwa sisi wa umeme wa volti 230 au 240 kuna jambo jingine. Jiko la Kimarekani linataka waya mbili za moto, nyutro na ethi. Elementi, yaani vyuma vinavyopasha joto, hutumia 240, lakini mota ya komeo na taa hutumia 120. Likiungwa kienyeji, mota inapata 240 na kuungua, na mota mpya itafuata njia hiyohiyo. Linahitaji transfoma inayotoa 120 pande mbili za nyutro, na ifungwe na fundi mwenye leseni. Transfoma haibadilishi hezi, yaani idadi ya mawimbi ya umeme kwa sekunde. Mota iliyotengenezwa kwa hezi 60 ikipewa 50, safari ya sekunde 10 inakuwa 12. Angalia saa ya jiko: ikichelewa dakika 10 kila saa, bodi inahesabu kwa mawimbi ya umeme, nayo itasubiri kwa kadiri ileile. Ikienda sawasawa, ule ucheleweshaji wa mota unaweza wenyewe kuleta kosa bila kitu chochote kuharibika.

Ndoano iliyokwama isafishwe kwa maji moto, sabuni na brashi, ikaushwe, kisha ipakwe unga wa grafiti. Mafuta ya kupikia au grisi ya baiskeli yataungua na kuwa gundi.

Na ninawaomba kwa dhati: msiunganishe waya kuipita swichi ili jiko "likubali." Mtakuwa mmeiambia bodi kuwa mlango umefungwa wakati uko wazi, na mbele ya jiko hilo watakuwepo watoto.

Ukimaliza, rudisha bati la nyuma kabla ya kuwasha. Anza usafishaji, sikiliza mota isimame yenyewe, vuta mlango kwa upole kuhakikisha umeshika. Acha dakika 10, futa amri, subiri ufunguke wenyewe. Rudia mara ya pili oveni ikiwa bado na joto, kwani kuna swichi zinazofaulu baridi na kushindwa zikipata moto. Anayetaka kushika komeo lenyewe, lipo hapa mezani likiwa limefunguliwa, na mita iko kando yake.