Wiki 3 Kitandani, Miaka 30 Barazani

Assalaam aleikum wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliosimama mlangoni. Wengi wenu mmeshanisikia nikilisema hili. Leo nalisema tena, kwa sababu nikija hapa nimemkuta rafiki yangu, mtu wa miaka 58, anapanda bodaboda kwenda msikitini. Kutoka kwake hadi msikitini ni nyumba kumi na moja, nimezihesabu. Kumuuliza, akanijibu, "Umri, mwalimu."

Umri! Haya, sikilizeni kisa cha Dallas.

Mwaka 1966, huko Dallas, Marekani, madaktari waliwachukua vijana 5 wa miaka 20, wazima kabisa, wakawalaza kitandani wiki 3. Kisha wakawapima pumzi, yaani ile oksijeni ambayo mwili unaweza kuivuta na kuitumia kwa dakika moja mtu anapojitahidi hadi mwisho wa nguvu zake. Ilikuwa imeshuka kwa asilimia 27. Mwaka 1996 wakatafutwa wale wale watano. Wote wako hai, wameshapita 50, wameongezeka kwa wastani wa kilo 23. Wakapimwa tena. Miaka 30 ilikuwa imewapunguzia asilimia 12. Pigeni hesabu wenyewe: wiki 3 za kulala zilikula zaidi ya mara mbili ya kilicholiwa na miaka 30.

Kuna mtu anasema moyoni, mambo ya Marekani hayo. Basi njooni Malindi. Mimi nilivunjika mguu, nikafungwa plasta wiki 6. Siku ya kuikata, mguu ulitoka umepauka, ngozi inabambuka kama maganda ya kitunguu, na shavu la mguu limelegea, nikilishika linajaa kiganja kimoja. La mguu wa pili halikuenea hata mikono miwili. Miguu hii nilizaliwa nayo siku moja, haijapishana hata dakika. Sasa niambieni, ule uliosinyaa ulizeeka lini?

Narudi Dallas, maana sijawapa lililo kubwa. Wale watu wa miaka 50 walipewa miezi 6 ya mazoezi: kutembea, kukimbia polepole, kuendesha baisikeli. Walianza kidogo kidogo mpaka wakafika kama saa nne na nusu kwa wiki. Oksijeni waliyoweza kuitumia kwa dakika ikarudi palepale ilipokuwa mwaka 1966 kabla hawajalazwa. Yote iliyopotea kwa miaka 30, miezi 6 ikairudisha.

Siwadanganyi kwamba umri hauchukui chake. Mapigo ya juu kabisa ya moyo hupungua karibu pigo moja kila mwaka, na hilo hakuna zoezi la kulizuia. Lakini mtu anayekaa tu, akishapita umri wa miaka 30, hupoteza takriban asilimia 10 ya pumzi kila miaka 10, ukiigawa pumzi hiyo kwa kilo za mwili wake. Anayeendelea kukimbia au kuendesha baisikeli kwa bidii hupoteza kama nusu ya hiyo. Alikuwepo Mfaransa aliyeitwa Robert Marchand. Mwaka 2012, akiwa na miaka 100, aliendesha baisikeli kilomita 24.25 kwa saa moja. Mwaka 2014, ana miaka 102, akaenda kilomita 26.927. Aliongeza! Hiyo ni kutoka hapa hadi Gede, na Gede unaipita.

"Kukimbia kunamaliza magoti." Hili nalisikia kila siku, na wanaolisema hawajakimbia tangu shule. Chuo Kikuu cha Stanford kiliwafuatilia wakimbiaji wa miaka 50 na zaidi kwa karibu miaka 20, na magoti yao hayakuharibika kuliko ya wasiokimbia. Nendeni ufukweni maji yakipwa, mchanga ukiwa mgumu, mkimbie dakika mbili, mtembee tatu. Uzito wa kitambi ndio unaoelemea goti mchana kutwa.

Naona saa imekwenda. Baisikeli ni nzuri kwa moyo, ila mifupa haiijengi, kwa kuwa uzito wako umebebwa na kiti. Changanyeni na kutembea, na kupanda ngazi, na kuinua vitu vizito. Mama aliyeuliza kuhusu presha: pima kwanza, anza taratibu, na kifua kikibana simama hapo hapo uende hospitali. La chakula nililiandaa, nitaliacha.

Adhana hiyo. Kesho baada ya Alfajiri tunatoka hapa mlangoni hadi daraja la Sabaki na kurudi, kwa mwendo wa aliye nyuma kabisa. Mwenye baisikeli inayolala stoo aje nayo. Fundi atakuwepo na pampu na mafuta ya mnyororo, na hatozi kitu.