Magonjwa Mengi Ndani ya Mtu Mmoja: Kusoma Tofauti za Wilaya Kando ya Ziwa

(Mhadhara kwa waganga wafawidhi na wauguzi wa zahanati na vituo vya afya, Mwanza)

Ndugu waganga wafawidhi, wauguzi, na ninyi mnaoshika rejesta za kliniki,

Mtu mwenye presha na sukari, au VVU na presha, au selimundu (ugonjwa wa damu wa kurithi) na figo zilizochoka, anabeba magonjwa sugu mawili kwa wakati mmoja. Je, watu wa namna hiyo ni wangapi, na kwa nini idadi yao hubadilika ukitoka Nyamagana kwenda Ukerewe, au Sengerema kwenda Kwimba? Rai yangu naitoa mapema: ramani nyingi tunazooneshwa zinatuambia kwanza wapi kuna vipimo, ndipo zituambie wapi kuna ugonjwa.

Tazameni rejesta zenu. Vitabu vya MTUHA, yaani mfumo wa serikali wa taarifa za huduma za afya, huhesabu ugonjwa uliotambuliwa, havimhesabu mtu. Mama anayechukua ARV (dawa za VVU) pale CTC, kliniki ya tiba na matunzo ya VVU, Jumatatu na kupimwa presha kwenye kliniki nyingine Alhamisi ni mistari miwili katika vitabu viwili, na hakuna jumla itakayoonyesha kwamba ni mama yuleyule. Zahanati isiyo na stripu za kupimia sukari itaandika wagonjwa sifuri wa sukari mwaka mzima, na sifuri hiyo ikifika mkoani inasomeka kama afya njema. Halafu kuna upande wa pili: tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, mgonjwa wa Sengerema anafika hospitali ya rufaa ya Bugando, Mwanza mjini, bila kusubiri kivuko. Tusishangae wagonjwa wanaoandikwa kutoka Sengerema wakiongezeka, hali ugonjwa wenyewe uko palepale.

Umri nao unapotosha sana. Chukueni kata mbili za mfano, kila moja ina watu wazima 1,000. Kata ya kwanza iko kwenye mialo, pale wavuvi wanapotia nanga na kushusha samaki: vijana 800, wazee 200. Wenye magonjwa mawili au zaidi ni asilimia 5 ya vijana, yaani 40, na asilimia 40 ya wazee, yaani 80. Jumla 120, sawa na asilimia 12. Kata ya pili ni ya bara, vijana wake wengi wamekwenda mjini au kwenye dagaa: vijana 500, wazee 500. Wagonjwa ni asilimia 4 ya vijana, yaani 20, na asilimia 36 ya wazee, yaani 180. Jumla 200, asilimia 20. Ukisoma jumla tu utapeleka dawa na wataalamu kata ya pili. Lakini kijana wa mwaloni anaumwa zaidi ya kijana wa bara, na mzee wa mwaloni zaidi ya mzee wa bara. Zipeni kata zote mbili nusu vijana, nusu wazee, muone: ya kwanza inapata asilimia 22.5, ya pili 20. Hesabu hii inafanyika kwa kalamu na karatasi. Naomba kila taarifa ya wilaya iifanye kabla haijatumwa.

La tatu ni orodha ya magonjwa yanayohesabiwa. Utafiti mkubwa wa Uskoti uliochapishwa mwaka 2012 ulipitia kumbukumbu za watu takriban milioni 1.75 kwa orodha ya magonjwa 40. Uliona kwamba kwenye maeneo maskini kabisa watu huanza kuwa na magonjwa mengi miaka 10 hadi 15 mapema kuliko kwenye maeneo yenye uwezo. Funzo hilo la umaskini linatuhusu moja kwa moja. Orodha yao haituhusu vivyo hivyo, kwa sababu haina nafasi ya selimundu wala ya kichocho. Kwenye fukwe na visiwa vyetu kichocho cha tumbo kikikaa miaka mingi bila prazikwanteli, dawa yake, huacha makovu kwenye ini, bandama huvimba, na mgonjwa anaweza kutapika damu. Huyo ni mgonjwa sugu hata kama minyoo imekwisha kufa.

VVU navyo vina ramani yake: kwenye utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 kiwango kwa watu wazima katika mikoa ya Tanzania Bara kilianzia asilimia 1.7 Kigoma hadi 12.7 Njombe. Mkoa unaotibu VVU vizuri utakuwa na watu wengi zaidi wenye VVU na presha pamoja, kwa kuwa wameishi hadi umri wa presha. Ongezeko la namna hiyo ni matunda ya kazi yenu, na asitokee mtu wa kuwalaumu kwa hilo.

Sasa vipimo. Presha: mgonjwa akae dakika 5, mgongo umeegemea, miguu haikupishanishwa, mkono usawa wa moyo, pima mara mbili. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene wa mvuta nyavu hupandisha namba, na hapo mtu mzima wa afya anaanzishiwa dawa. Sukari: kaskazini magharibi mwa nchi, karibu mtoto 1 kati ya 5 huzaliwa na vinasaba vya kubeba selimundu. HbA1c, kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi michache, inaweza kusoma chini kwa wabebaji, na kwa mgonjwa wa selimundu mwenyewe haifai kabisa. Tumieni sukari ya kufunga kula kwa saa 8, ikifika 7.0 mmol/L, rudieni siku nyingine.

Dawa hugombana pia. Mgonjwa wa TB anayetumia rifampisini (dawa ya TB) na dolutegraviri (dawa ya VVU) apewe dolutegraviri miligramu 50 mara mbili kwa siku, na aendelee hivyo wiki 2 baada ya rifampisini kuisha. Aliye kwenye dolutegraviri na metifomini, dawa ya sukari, asizidishe miligramu 1,000 za metifomini kwa siku. Rifampisini hupunguza nguvu ya amlodipini (dawa ya presha) na glibenklamidi (dawa ya sukari), kwa hiyo presha na sukari vitapanda katikati ya matibabu ya TB, na mgonjwa atasingiziwa kwamba hamezi dawa. Mwulizeni kila mmoja kuhusu diklofenaki, dawa ya maumivu, ya duka la dawa: inapandisha presha, inaumiza figo, na kwa mwenye ini la kichocho inaweza kuleta damu.

Kwenye rejesta ya CTC ongezeni safu tatu: presha, sukari, mkojo. Jazeni kila mwenye umri wa miaka 40 na kuendelea anapofika kuchukua dawa, kwa namba yake ileile. Na kliniki za mialoni zipangwe siku za mbalamwezi, maana giza likirudi wavuvi wa dagaa usiku wako ziwani, na mchana wamelala.