Kisu cha kukunja kutoka shamba la muhogo

Assalaam aleikum, wazee wangu na kina mama.

Kipitisheni mkono kwa mkono, ila msijaribu kukifungua. Mimi nimejaribu, nikakoma. Kijana mmoja wa hapa Malindi alikipata shambani kwa babu yake, kiasi cha shubiri moja chini ya udongo. Alikuwa na ile mashine ya kutafutia vyuma: duara la nyaya lenye nguvu za sumaku, likipita juu ya madini huamsha umeme kidogo ndani yake, nayo mashine ikalia. Alichimba, akanijia mbio: "Mwalimu, ni cha Vasco da Gama?"

Hapa kwetu kila kipande cha kutu lazima kiwe cha Mreno wa 1498!

Tazameni pale ubapa unapoingia mpinini. Zimebaki herufi SHEFF, na chini yake ENGL. Ni Sheffield, mji wa mafundi visu huko Uingereza. Lakini mimi nimekwama kwenye hiyo ENGL, yaani England, Uingereza. Sheria ya forodha ya Marekani ya 1890 ilitaka bidhaa za kigeni ziandikwe nchi zilikotoka, na viwanda vingi vikazoea kupiga chapa hiyo. Basi yaelekea kisu ni cha baada ya hapo. Sasa, sheria yetu ya makumbusho ya 2006 huita kitu cha kale kile kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895. Mwaona mtego? Ili kiwe cha kale kisheria, imebaki nafasi ya miaka mitano tu. Kutu nayo haisaidii. Chuma cha pua kisichoshika kutu kilianza Sheffield mwaka 1913, kwa Harry Brearley, lakini visu vya kushika kutu havikukoma kuuzwa.

Kinachonivutia zaidi ni huu wembamba wa katikati. Kisu kimenolewa kwenye jiwe hata ubapa ukaliwa kama mwezi mchanga. Huyu hakuwa bwana wa kuchongea penseli.

Mpini ulikuwa wa mti au mfupa? Kijana alikisugua kwa ndimu na brashi ya waya, hata kale kaudongo kalikoganda kakaenda na maji. Niliumia, ila sikumgombeza sana.

Jumamosi twaenda shambani. Mashine ataiacha nyumbani, maana kutafuta vya kale ardhini kunahitaji leseni. Nimemwambia aje na babu yake. Mzee yupo, kichwa kizima, na hadi leo hakuna aliyemuuliza kisu ni cha nani.